Diski Inayoyumba: Pima Shafti Kabla Hujanunua Nyingine

Karakana za useremala kuanzia Mkokotoni kupanda hadi Nungwi siku hizi zinategemea sana kazi za hoteli. Milango, fremu za madirisha, vitanda vya kukereza, meza za mikahawa ya Kendwa na Matemwe: mteja wa kazi hizi hasamehe kiungo chenye mwanya, wala ubavu wa mbao ulioungua ukawa wa kahawia. Fundi akilaumiwa, kwanza hushika diski ya msumeno. Huipeleka kunolewa. Ikirudi bado inaunguza, hufunga safari ya mjini akanunua nyingine, na baada ya siku chache ile mpya nayo inaacha mistari ile ile. Pesa imekwenda, kazi haijanyooka.

Makala haya ni ya fundi huyo. Mara nyingi diski haina kosa lolote. Kosa limeanzia kwenye shafti inayoibeba, au kwenye flenji, kile kisahani cha chuma kinachoibana, na diski inalitoa nje tu mpaka mtu alione. Kosa hilo linapimika kwa vifaa vichache, na sehemu kubwa ya marekebisho yake iko ndani ya uwezo wa seremala mwenyewe. Linalotakiwa ni kufuata mpangilio, kwa sababu anayepima ovyo ataishia kubadilisha kitu kizima na kukiacha kibovu.

Dalili kwanza. Diski inayoyumba huacha alama za nusu duara ubavuni mwa mbao, tena kwa mpangilio: nzito moja, kisha panalainika, kisha nzito tena kwa umbali ule ule. Huunguza msaji na mninga hata ukisukuma kwa mwendo wa kawaida. Hukwangua upande wa chini wa mbao na kung'oa nyuzi zake. Na hula mbao kuliko upana wa meno yake, jambo ambalo unaweza kulipima leo hii. Pima upana wa jino moja kwa vernia kalipa. Diski nyingi za meno ya kabaidi za milimita 300 zina meno ya karibu milimita 3.2. Chukua kipande cha mbao kavu kilichorandwa, shusha diski ibaki juu ya meza kwa kiasi cha sentimita moja, kata mfereji mfupi, kisha pima upana wa mfereji huo. Ukipata 3.3, mashine yako ni nzuri. Ukipata 3.5 au zaidi, kuna kitu kinacheza. Unapokata mfereji huu usiuegemeze ubao kwenye fensi. Sukuma kwa kile kiongozi kinachoteleza ndani ya mfereji wa meza, na ubao usiyumbe mkononi. Fensi iliyopinda nayo hupanua njia ya msumeno, na hapo utakuwa unatafuta mgonjwa katika nyumba isiyo yake.

Macho hayatoshi. Wako wanaowasha mashine, wakaizima, wakaitazama diski inavyopunguza mwendo wakasema imetulia. Jicho huona kuyumba kwa nusu milimita, pengine. Kuyumba kwa sehemu ya kumi ya milimita hukuoni, lakini gundi inakuona, na kiungo cha ulimi na tundu kinakuona zaidi.

Sasa tuziangalie mashine tulizonazo. Misumeno ya meza inayofanya kazi Unguja ni ya aina mbili kubwa. Ipo iliyotoka kiwandani, mpya au ya mtumba, yenye shafti iliyokerezwa na kupimwa huko ilikotengenezwa. Na ipo ile ya kuungwa hapa hapa: meza ya bamba la chuma juu ya miguu ya engo, mota chini, mkanda, puli, na shafti iliyokaa juu ya beringi mbili za nyumba ya chuma, zile zinazoandikwa UCP 204 au UCP 205. Siidharau hii ya pili hata kidogo. Imepasua mbao nyingi za visiwa hivi na wa kuitengeneza yuko mtaani. Ila ina udhaifu wake mahususi, na huo ndio unaohitaji kufahamika vizuri.

Udhaifu wa kwanza uko kwenye flenji. Mara nyingi huwa ni kisahani kilichokatwa, kikatobolewa, kikavishwa shafti na kuchomelewa. Chuma kilichochomelewa hujivuta kinapopoa, wala hakijivuti sawa pande zote. Kwa hiyo hata kisahani kikiwa kilikaa wima kabisa kabla ya moto, baada ya moto kimeinama. Kama shafti haikurudishwa kwenye mashine ya kukereza chuma ili uso wa flenji ukwanguliwe baada ya kuchomelewa, basi msumeno huo umeyumba tangu siku yake ya kwanza na hakuna diski duniani itakayouponya.

Udhaifu wa pili uko kwenye beringi. UCP 205 ina tundu la milimita 25, na hushikwa kwenye shafti kwa skrubu mbili ndogo za pembeni. Tundu hilo ni pana kidogo kuliko shafti ili iingie kwa mkono. Ukikaza zile skrubu, zinaisukuma shafti upande mmoja. Kosa lake ni dogo mwanzoni, lakini skrubu zikilegea shafti hujisaga ndani ya beringi, na kila wiki inayopita nafasi inaongezeka. Ukiona vumbi jekundu mfano wa kutu pale shafti inapoingia kwenye beringi, ujue kusagana kumeshaanza.

Wa tatu ni tundu la diski. Diski nyingi zinazouzwa zina tundu la milimita 25.4, yaani inchi moja, au milimita 30. Ukiivisha ya 25.4 kwenye shafti ya milimita 25 kamili, diski inakaa nje ya kitovu kwa hadi milimita 0.2. Haiyumbi kushoto na kulia kwa sababu hiyo, lakini meno ya upande mmoja hufanya kazi zaidi na kuchakaa mapema, na mashine hutetemeka. Ukiivisha ya 30 bila bushi inayolingana, hapo si suala la ubora tena, ni hatari. Usiifanye.

Kwa nini kosa dogo la flenji liwe kubwa hivyo kwenye meno? Mtu wa Mkokotoni anayetazama mashua za Tumbatu zikiingia anajua jibu: mlingoti ukiinama kidogo pale unapokaa, kileleni unatoka mbali. Chukua diski ya milimita 300 iliyobanwa na flenji ya milimita 75. Kutoka kitovuni hadi ukingo wa flenji ni karibu milimita 37; kutoka kitovuni hadi kwenye meno ni 150. Kosa linazidishwa mara nne. Flenji ikiyumba milimita 0.02, meno yatayumba 0.08, na kazi itakuwa safi. Lakini mashine zetu nyingi za kuungwa zina flenji ndogo ya milimita 50, na hapo kosa linazidishwa mara sita. Flenji hiyo ikiyumba milimita 0.05 tu, ambayo ni nusu ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuchapia, meno yanayumba 0.3. Ndiyo ile njia ya msumeno ya 3.5 tuliyoipima juu.

Kwa hiyo shika vipimo hivi viwili. Ukingo wa flenji usiyumbe zaidi ya milimita 0.02, au 0.03 kwa mashine ya kazi nzito. Bamba la diski, likipimwa karibu na mizizi ya meno, lisizidi 0.1 kwa kazi ya samani, na likifika 0.2 bado linafaa kupasulia mbao za paa. Nimeona watu wakihangaika kuifikisha sifuri. Hakuna sifuri, na mbao yenyewe itavimba zaidi ya hapo masika yakiingia.

Kifaa cha kupimia ni geji ya saa: ile saa ndogo yenye mshale na kipini chini, kila mstari wake ukiwa milimita 0.01, iliyofungwa kwenye kikalio cha sumaku. Mafundi wa injini wanayo, wanaokereza chuma wanayo, na bei yake si ya kutisha ukilinganisha na diski nzuri ya kabaidi. Karakana tatu au nne zilizo karibu zinaweza kuchangia moja, kwa sababu haihitajiki kila siku. Kama meza yako ni ya mbao, funga kipande cha bamba la chuma kwa skrubu ili sumaku ipate pa kushika.

Asiye na geji asikate tamaa. Tengeneza ya mkono. Chukua kijiti chembamba kilichonyooka cha sentimita 21, kitoboe sentimita moja kutoka ncha moja, kipigilie msumari mwembamba kwenye kitalu kizito cha mbao, kizunguke kwa ulaini bila kucheza. Ile ncha fupi iguse flenji. Ncha ndefu ielekee karatasi uliyochora mistari ya milimita. Kila milimita 0.05 ya flenji itaonekana kama milimita moja kwenye karatasi. Kilaze kijiti kwa uzi wa mpira mwepesi ili kisiachane na flenji. Fundi wa pikipiki naye ana fila, vile vipande vyembamba vya chuma vyenye namba vya kupimia nafasi ya vali, na hizo pia zinafaa: funga boliti yenye ncha ya mviringo kwenye kitalu, isogeze mpaka ikaribie flenji, pima nafasi kwa fila mahali pa karibu na mahali pa mbali, toa moja kwa nyingine.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa waya ukutani. Kuzima swichi ya mashine hakutoshi. Kama mashine imeungwa moja kwa moja kwenye umeme wa fezi tatu, zima swichi kuu, ifunge, na mwambie kila aliyemo karakanani kwamba mikono yako imo ndani ya msumeno. Vipimo vyote katika makala haya hufanywa kwa kuzungusha kwa mkono. Hakuna hata kimoja kinachohitaji mota.

Anza kwenye beringi, hata kama una hakika kosa liko kwenye flenji. Beringi ikicheza, namba zote zitakazofuata ni za uongo. Vua diski na mkanda ili shafti iwe huru. Ishike kwa mkono, iinue na kuishusha, kisha ivute na kuisukuma kwa urefu wake huku geji ikiwa imegusa ncha ya shafti. Ukisikia mgongano au mshale ukiruka zaidi ya 0.02 au 0.03, tafuta sababu hapo kwanza: skrubu za beringi zimelegea, boliti za nyumba yake zimelegea, au beringi imekwisha. Izungushe taratibu na weka mpini wa bisibisi ndefu sikioni, ncha ikigusa nyumba ya beringi. Beringi nzima hutoa sauti laini ya mfululizo; iliyokula chumvi na vumbi la mbao hukwaruza. Hiyo ya kukwaruza ibadilishe. Kuipiga grisi mpya kutapunguza kelele kwa muda, lakini mabonde yaliyochimbika ndani hayajazwi na grisi.

Ukishajiridhisha, ingia kwenye shafti yenyewe. Gusisha geji juu ya shafti karibu na beringi, zungusha kwa puli mzunguko mzima, andika. Sogeza geji hadi pale diski inapokaa, andika. Sogeza hadi mwisho, kabla ya nyuzi za nati, andika. Namba tatu hizi zinasema mengi. Zikiwa sawa zote, tuseme 0.04 kila mahali, shafti imenyooka ila imekaa nje ya kitovu, na hapo fikiria zile skrubu za beringi. Zikipanda kadiri unavyokwenda nje, 0.02, kisha 0.06, kisha 0.1, shafti imepinda. Mara nyingi hupinda diski iliponaswa na mbao iliyojifunga, au mtu alipogonga kwa nyundo nati iliyoganda.

Kisha flenji. Gusisha kipini cha geji kwenye uso wake unaotazamana na diski, milimita mbili hivi kutoka ukingoni. Flenji nzuri imechimbwa katikati ili diski iguse ukingo tu. Usipime pale palipochimbwa, hapana kazi. Zungusha polepole, mara mbili, kuelekea upande ule ule diski inakozunguka ikiwa kazini. Mshale ukipanda na kushuka kwa ulaini mara moja katika kila mzunguko, flenji imeinama. Ukiruka ghafla mahali pamoja kisha ukarudi, pana uchafu, kutu au kovu. Tofauti hii ni muhimu sana, kwa sababu kovu hutolewa kwa dakika chache na kuinama hakutolewi hivyo. Tia alama ya kalamu kwenye ukingo wa flenji pale palipo juu kabisa.

Hapo ndipo diski inapovishwa. Isafishe, ibane kwa nguvu ya kawaida, na pima kwenye bamba lake chini kidogo ya mizizi ya meno, siyo kwenye meno yenyewe. Mshale utaruka ukipita kwenye zile nyufa zilizokatwa kwa ajili ya joto; puuza mruko huo. Zungusha kwa puli. Ukizungusha kwa kushika diski unaikunja kwa kidole bila kujua, na 0.1 unayoitafuta utaitengeneza mwenyewe. Tia alama pale palipo juu kwenye diski.

Swali linalobaki ni nani mwenye kosa, na jibu lake linapatikana kwa kulegeza nati. Geuza diski nusu duara huku shafti ikibaki palepale, kaza tena, pima upya. Kama mahali pa juu pamehama pamoja na diski, diski ndiyo iliyopinda. Kama pamebaki kwenye ile alama ya flenji, flenji au shafti ndiyo yenye kosa. Kama pamekaa kati na namba imebadilika, wote wawili wana sehemu. Mtihani huu mmoja ungeokoa diski nyingi zilizotupwa bure.

Nati nayo ipimwe, kwa kuwa watu huisahau. Kaza kiasi, soma geji. Kisha kaza sawasawa, soma tena. Namba ikibadilika wazi, flenji ya nje, ile inayobanwa na nati, haina uso ulionyooka au nati imekaa upande, na inaipinda ncha ya shafti kila unapokaza. Dawa ya flenji ya nje ni nyepesi: weka kioo kinene mezani, juu yake msasa laini wenye tone la mafuta, na sugua flenji kwa mizunguko ya namba nane mpaka ukingo wote ung'ae sawa.

Marekebisho ya flenji iliyo kwenye shafti yaanze na usafi, na usidharau hatua hii. Utomvu wa msonobari uliokauka, tabaka la kutu, chembe ya chuma iliyonata: kimoja tu kinaweza kuwa na unene wa 0.05. Lowesha kwa mafuta ya taa, sugua kwa brashi, futa, kisha pitisha jiwe laini la kunolea likiwa limelala bapa juu ya uso wa flenji. Jiwe litaondoa kilichosimama na kuacha kilicho sawa. Angalia pia pembe pale shafti inapokutana na flenji, uchafu hujificha hapo. Pima tena. Katika mashine zilizotoka kiwandani, mara nyingi shughuli inaishia hapa.

Kama bado flenji imeinama kati ya 0.02 na 0.05, inaweza kusawazishwa ikiwa palepale kwenye beringi zake, na kwa kweli hapo ndipo pazuri zaidi kuisawazisha. Paka ukingo wake wino wa kalamu. Bana jiwe la kunolea kwenye kitalu kilichokazwa mezani kwa klempu, uso wake ukiwa wima kabisa dhidi ya urefu wa shafti, ukigusa pale palipo juu tu. Zungusha shafti kwa mkono kupitia puli. Wino utafutika palipo juu. Sogeza jiwe unywele mmoja, endelea, pima kila baada ya muda. Ni kazi ya subira. Wapo wanaowasha mota na kushika jiwe kwa mkono ili wamalize haraka. Nawaomba wasifanye hivyo: shafti inayozunguka mara 2,800 kwa dakika ikilivuta jiwe, italivuta pamoja na vidole.

Zaidi ya 0.05, au shafti ikiwa imepinda, mpelekee fundi wa kukereza chuma. Usijaribu kuinyoosha shafti kwa nyundo juu ya gogo. Itaonekana imenyooka, kisha joto la kazi litairudisha ilikokuwa. Na usiweke vipande vya karatasi kati ya flenji na diski kama wengine wanavyoshauri. Karatasi hubonyea, hunyonya unyevu wa pwani, na baada ya wiki una kosa jipya usilolijua.

Kwa fundi wa kukereza, utakachopata ni kile ulichoagiza, kwa hiyo agiza kwa maneno yaliyonyooka. Mwambie shafti ikerezwe ikiwa imeshikwa kwa vitovu vyake vya pande mbili, tangu mwanzo hadi mwisho, isivuliwe na kugeuzwa. Mahali pa beringi pasizidi 25.00 na pasipungue 24.98. Mahali pa diski pafuate tundu la diski utakazonunua, si vinginevyo. Nenda na diski mkononi. Flenji iwe angalau robo ya kipenyo cha diski, milimita 75 kwa diski ya 300, ichimbwe katikati ibaki na ukingo wa milimita kumi hivi. Na kubwa kuliko yote: kama flenji inachomelewa, ichomelewe kwanza, ipoe yenyewe bila maji, ndipo mkato wa mwisho wa mahali pa beringi na uso wa flenji ufanywe kwa mkao mmoja. Chuma kiwe cha EN8 au mfano wake. Ukiletewa shafti, ipime hapo hapo dukani kabla ya kulipa. Fundi mzuri atakupa geji yake mwenyewe.

Kwa walio Kaskazini Unguja, kipo Kituo cha Mafunzo ya Amali hapa Mkokotoni, na mjini ipo Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, pale Mbweni. Vijana wanaosoma useremala na wale wa chuma wangefaidika sana wakipewa zoezi hili moja kwa pamoja: mmoja alete msumeno unaoyumba, mwingine alete geji. Seremala wetu hufundishwa kunoa, kupima kwa futi na kutumia pembe mraba, lakini ni nadra kuoneshwa jinsi ya kuipima mashine yenyewe, na matokeo yake anaitumikia miaka mingi akiamini kwamba kuunguza mbao ndiyo tabia yake.

Kama flenji yako imebaki na 0.02 na diski ina 0.08 zake, bado una hila halali. Weka mahali pa juu pa diski mkabala na mahali pa chini pa flenji ili makosa yapunguzane, kisha tia alama ya kudumu kwenye flenji na kwenye diski. Kila unapobadilisha diski, alama zikutane.

Baada ya hapo tu ndipo uipange diski iwe sambamba na mfereji wa meza na fensi. Anayepanga kabla ya kurekebisha shafti atapanga mchana kutwa na kesho kukuta imehama. Chagua jino moja, litie alama, lipime mbele dhidi ya ukingo wa mfereji, zungusha mpaka jino lilo hilo lifike nyuma, lipime tena, kisha legeza boliti za meza na uisogeze mpaka vipimo viwe sawa ndani ya 0.1. Kwa kutumia jino moja, kuyumba kokote kulikobaki hakuingii kwenye hesabu.

Mkokotoni ni pwani, na hewa yake ina chumvi mwaka mzima, kwa hiyo flenji iliyong'aa leo itapata kutu isipotunzwa. Diski isiachwe imebanwa kwenye shafti wakati karakana imefungwa siku nyingi, mathalani wakati wa sikukuu, kwa sababu unyevu hukaa kati yake na flenji na kutu hupanda kwa mabaka. Ivue, paka flenji na shafti mafuta mepesi ya mashine kwa kitambaa, na kabla ya kuivisha tena yafute yote mpaka pakauke. Anayepasua mvule, msaji au mnazi kwa wingi apime mara nyingi zaidi: mvule hubeba vijiwe vya chokaa ndani yake, msaji na mnazi zina chembe ngumu kama mchanga, na diski iliyopoteza makali hupata joto hadi bamba lake likapinda hata kama flenji iko sawa. Kila unapovua diski kwenda kunoa, pitisha jiwe kwenye flenji na usome geji kabla ya kuirudisha, na namba uiandike kwa kalamu ya chuma au rangi ubavuni mwa mashine pamoja na tarehe, ili atakayeshika zamu baada yako ajue ilikuwa wapi na imefika wapi.